Makuba matatu ya St Paul's

Naishukuru makala hii, ila naomba kuongezea jambo pale inaposema kwamba kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, London, ni ganda moja la mawe. Christopher Wren, msanifu majengo aliyepewa kazi ya kulijenga upya baada ya moto wa mwaka 1666 kuliharibu kanisa la awali, alijenga maganda matatu. Muumini anayeinua macho akiwa ndani huona kuba la matofali lililo chini kiasi, linalolingana na ukumbi. Mpita njia huona jingine, refu zaidi, la mbao zilizofunikwa kwa madini ya risasi. Na katikati ya hayo mawili, pasipoonekana kutoka nje wala sakafuni, umesimama ukuta wa matofali wenye umbo la pia, ambao ndio unaobeba kimnara cha mawe cha kileleni, chenye uzito wa takriban tani 850. Rafiki wa Wren, mwanasayansi Robert Hooke, alikuwa ameeleza kwamba mnyororo ulioning'inizwa kwa ncha zake mbili, ukigeuzwa juu chini, huonyesha umbo la tao linaloweza kusimama imara, na wazo hilo ndilo lililomwongoza Wren, ambaye pia alizungusha mnyororo wa chuma kwenye kitako cha kuba ili uzito usizisukume kuta nje.

Wapo wanaoliita kuba la nje udanganyifu. Siafikiani nao hata kidogo, kwa sababu jiji lilihitaji alama ya kuonekana kutoka mbali na waumini walihitaji dari isiyowapotea juu gizani, na hakuna ganda moja ambalo lingeweza kuyatimiza yote mawili kwa uzuri ule.