Nilitembea hadi Namugongo nilipotimiza miaka 60

Kuna mwandishi aliyeuliza kwa nini wazee watembee kwa miguu kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, walikouawa Mashahidi wa Uganda, na mabasi yapo. Mimi nilistaafu nikiwa na miaka 60, na badala ya kuchinja mbuzi nikaondoka Busia kwa miguu na wanajumuiya wenzangu, karibu kilomita 200. Viatu vipya vilinitoa malengelenge hata Iganga hatujafika (kosa langu, niliambiwa nivae akala, viatu vya matairi). Pale Lugazi mama mmoja akanikanda miguu kwa maji ya chumvi, akakataa hata shilingi. Juni 3, sikukuu ya mashahidi hao, niliposimama mahali alipochomwa moto mmoja wao, Karoli Lwanga, mwaka 1886, maombi yote niliyoyabeba yalinipotea. Nikalia tu. Kurudi, lakini, nilipanda basi. Magoti yalishagoma!