Kisanduku kitupu

Kisanduku kimoja kitupu kwenye karatasi ya dawa kinatosha kuharibu asubuhi nzima ya nyumba ya matunzo ya watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Uingereza. Dawa ya kifafa ya saa 2 usiku: mkazi alimeza na mhudumu akasahau kuweka sahihi, au hakumeza kabisa? Meneja anahesabu vidonge vilivyobaki, anamwamsha kwa simu aliyekuwa zamu ya usiku, anamuuliza mfamasia, anajaza fomu ya tukio. Yote hayo kwa kidonge kimoja. Inaudhi. Na kila inapoudhi, akili inakimbilia kwetu kusini mwa Tanzania, Newala, Masasi, Nachingwea, kwenye nyumba ambazo kidonge hicho hicho hukosekana wiki mbili na hakuna awezaye kusema kilianza kukosekana lini.

Najua jibu limeshatoka: "Mmefika Ulaya, sasa mnatudharau." Sidharau, na nitasema la haki kwanza. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili pale Mikindani anaitwa kwa jina lake na kila anayepita. Msibani anawekewa chakula chake, akipotea watoto wanamrudisha nyumbani. Hapa mkazi anaweza kuogeshwa na watu sita tofauti ndani ya wiki moja, na baadhi yao wameletwa na wakala jioni ile ile. Karatasi zimejaa kwa sababu watu hawajuani. Nyingine zinajazwa kwa kumhofia mkaguzi tu: "amekula vizuri, amelala vizuri", kurasa thelathini, na hakuna neno hata moja la kumsaidia mtu.

Kwetu meneja ni mama. Saa za dawa, chakula kinachomkwama, dalili za kifafa kinapokaribia, vyote viko kichwani mwake, na anavijua kuliko meneja yeyote wa hapa mwenye cheti ukutani. Ila mama ana miaka 70 na kitu, mwanawe ana 45. Siku mama akifa, matanga yakiisha, shangazi anamchukua kijana akakae naye Lindi, na kila kitu kinaanza upya. Shangazi anampenda sana. Hajui tu.

Nataka nyumba zetu zichukue kitu kimoja kutoka huku: kaunta buku. Majengo sitaki.

Kurasa za mwanzo ni za dawa. Piga mistari: tarehe, dawa, kipimo, saa, jina la aliyetoa. Jina linaandikwa baada ya dawa kumezwa na mdomo kuangaliwa. Usiandike kabla, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Akikataa, andika amekataa na saa yake. Akitapika, andika baada ya dakika ngapi. Kisanduku kisibaki kitupu. Kisha hesabu vidonge kila Jumapili. Mfano, kabamazepini, dawa ya kifafa: kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, vidonge 60 vinakaa siku 30. Jioni ya siku ya kumi vibaki 40. Vikibaki 46, kuna dozi sita hazikumezwa, hata kama kila mtu anaapa alitoa. Usifidie kwa kumpa viwili kwa mpigo. Wahi zahanati ukaulize. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo, na hapo watu huanza kutafuta aliyemroga.

Chora mstari mwekundu pale zinapobaki dozi za siku 14. Ukifika hapo, nenda dirisha la dawa, usisubiri kopo lilie tupu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kuja Lindi, kila mmoja wetu aliona maana ya akiba.

Ukurasa wa kifafa unahitaji saa tu, hata ya simu ya kitochi. Kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, upande gani wa mwili ulianza kutikisika. Msogeze mbali na mafiga, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano hakijaacha, ni hospitali. Ukimpelekea daktari orodha ya miezi mitatu ana kitu cha kupangia dozi. Ukimwambia "kinamsumbua sana", atarudia dawa ile ile.

Sasa hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu asiyesema anaanza kujipiga taya kwa ngumi, upande wa kushoto, hasa baada ya kula. Nyumbani tunasema amepandisha. Hapa wanasema "ndiyo tabia yake", na wanaweza kumwongezea dawa ya kumtuliza. Makosa ni yale yale, lugha tu imebadilika. Anayeandika safu tatu, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, ataona baada ya siku nne kwamba ngumi zinakuja na chai ya moto na muwa. Ni jino. Kabla ya kumwita mganga au kumwongezea dawa, angalia jino, sikio, na choo. Choo kiwe na safu yake: siku ya tatu bila choo isipite kimya, kwa sababu kufunga choo kunaua watu hawa, na kunaua hapa hapa Uingereza penye kila kitu.

Chakula nacho kiandikwe kwa kipimo. "Akatiwe vidogo" haimsaidii shangazi. Andika: vipande vya sentimita moja na nusu, tonge la ugali lilowe mchuzi, ming'oko na korosho asipewe kama hatafuni, akae wima nusu saa baada ya kula.

Mtasema mama hajui kusoma. Ni kweli kwa wengi, na si kikwazo. Mjukuu wa kidato cha pili akae na bibi baada ya chakula cha jioni, amuulize, aandike maneno ya bibi kama yalivyo: "Ukimjia kwa nyuma atakupiga, mwite kwanza. Chai iwe vuguvugu, kikombe cha bati, mkono wa kushoto. Akianza kulamba midomo na kutazama pembeni, mkalishe chini, kinakuja." Bibi asomewe, asahihishe. Kisha kila ukurasa upigwe picha kwa simu, itumwe kwa ndugu wawili wasiokaa nyumba moja.