Ratiba Imetoka, Bahari Haikuulizwa

Ratiba ya ligi yetu ya mtaa imetoka. Imebandikwa barazani, imepigwa chapa safi, ina muhuri wa bluu na saini mbili. Nikaisoma kwa adabu zote anazostahiki mtu mwenye muhuri, mpaka mstari unaotuhusu: Jumamosi, saa kumi jioni, kiwanja cha pwani. Nikahesabu kwa vidole. Jumamosi hiyo ni mwezi kumi na tano, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama: mwezi mpevu.

Watu wa visiwani mmeshashika vichwa. Watu wa bara tulieni, mtaelewa.

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, huku Unguja hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Kila siku ikipita, maji huchelewa kama dakika 50, ndiyo maana ikifika mwezi nane mambo yamegeuka: saa kumi jioni maji yako nje. Mwezi sita mpaka mwezi kumi unacheza. Mwezi ishirini na moja mpaka ishirini na tano unacheza tena. Hata hizo siku zenyewe ni za maji mafu, bahari haitoki sana, winga wa upande wa chini anakimbia huku analowa vifundo. Lakini kiwanja kipo. Mwezi kumi na tano saa kumi, kiwanja hakipo. Pale pana ngalawa zinaelea.

Jambo hili mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Sasa mwendee mpanga ratiba.

Utamkuta barazani na kikombe cha kahawa, faili kwapani.

"Asalaam aleikum, shekhe."

"Waaleikum salaam, katibu. Karibu. Kama ni ratiba, imeshapita."

"Si ratiba, shekhe, ni maji."

"Mambo ya maji yana ofisi yake."

"Maji ya bahari. Jumamosi saa kumi yatakuwa golini."

Hapo atavua miwani, aifute kwa ncha ya kanzu, aivae tena. "Goli lipi?"

"La kusini kwanza. La kaskazini yatawahi kabla ya mapumziko."

"Basi si mtarusha shilingi mchague goli, kama kawaida?"

"Yakhe, mpira utaelea!"

"Ukielea umo mchezoni. Sheria inasema mpira uko nje ukivuka mstari wote, chini au hewani. Majini haikutaja."

"Huo mstari wenyewe utakuwa umefutika."

"Mistari ni jukumu la mwenyeji." Na anaandika kitu kwenye faili, wallahi anaandika.

Mwambie basi magoli yasogezwe juu. Atakubali upesi, maana huko juu hajafika siku nyingi. Huko juu kuna hoteli, kuna vitanda vya wageni, kuna mlinzi mwenye rungu anayejua mita zake kuliko mpima ardhi. Mpira ukiingia kule unarudi kwa barua.

Mwombe basi mechi ipelekwe mwezi ishirini na mbili. Hapo atakunja uso. "Katibu, kamati haifuati mwezi. Kamati inafuata tarehe." Na huyu ndiye anayepanda juu ya paa kila mwaka kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na asipouona anagombana na waliouona!

"Kama bahari ina pingamizi," anasema, "ilete kwa maandishi ndani ya saa 24 baada ya mchezo, pamoja na ada."

Mtu mzima huyo. Ana wajukuu.

Kisha anapata akili yake mwenyewe, na anaifurahia. "Wewe si unasema saa nne maji yametoka? Chezeni saa nne asubuhi." Haya, saa nne. Golikipa yuko jikoni hotelini anakata maembe. Beki wa kati amepeleka wageni kutazama pomboo. Viungo wawili wana bodaboda na jua la saa nne ndiyo riziki yao. Nitapanga kikosi cha nani, wapita njia? Na ukimbana sana hukimbilia 1995. Kila kikao kinaishia 1995, Zanzibar tulipochukua Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Uganda. Tulichukua, ndiyo, Mungu awabariki waliocheza. Mimi nauliza maji ya Jumamosi! Nikimjibu kwa 2017, kwamba CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupokea Machi ikatutoa Julai na uanachama wetu haukumaliza hata msimu mmoja, anasema mimi siipendi nchi.

Tuseme tumepewa kiwanja cha juu, kile cha udongo. Huko kuna mistari ya chokaa. Kiwanja cha mita 105 kwa 68, ukijumlisha pembeni, katikati, maboksi na duara, ni mistari ya mita 700 na ushei, na mwenye kuichora ni mtu mmoja na kopo la maziwa lililotobolewa. Anaanza Ijumaa. Masika inanyesha usiku.

Mtambaa panya, ule mti wa juu wa goli, unatakiwa mita 7.32. Boriti ya mkandaa ya urefu huo huipati, kwa hiyo zinaungwa mbili kwa kamba, na katikati pale panapolegea goli linakuwa fupi. Washambuliaji wote wa mtaa wanajua wasipige katikati juu. Wavu ni jarife la zamani la kuvulia, lililotoboka. Mpira unapita, upande mmoja unashangilia, upande wa pili unaapa kwamba ulipita nje, na mwamuzi anaangalia nani wengi.

Mwamuzi huyo naye haanzi mpaka aone nauli.

Na haanzi mapema. Watu wanaswali alasiri, wanavaa, mmoja anatafuta njumu ya kushoto. Dakika 45, mapumziko 15, tena 45: ni saa moja na dakika 45, majeruhi hujawahesabu. Ukianza saa kumi kamili unamaliza saa kumi na mbili kasorobo. Ukichelewa nusu saa tu, unamaliza saa kumi na mbili na robo, na mwezi wa Juni hiyo ndiyo magharibi yenyewe. Hapo kiwanja kinagawanyika: wenye kuongoza wanasikia adhana kabla haijaadhiniwa, wenye kufungwa hawasikii kitu.

Jezi nisiseme. Namba kumi ziko tano.

Lakini sindano ya pampu nitaisema. Sindano ni kitu kidogo, unailowesha kwa mate au tone la mafuta ndipo unaiingiza, taratibu, wima. Vijana wanaisukuma kavu. Ama inakatikia ndani ama inausukuma mpira wa vali ukaangukia kwenye bladda, na hapo mpira mpya umekwisha, utausikia unacheza kama njugu ukiutikisa. Ukiuliza nani kapampu, wote walikuwa msikitini. Sasa sindano naiweka nyumbani, kwenye kabati, ndani ya kikombe. Juzi mtu akaja kuiazima kwa ajili ya mpira wa mwanawe. Nikampa, maana ni jirani, na mkewe hutuletea visheti sikukuu. Haijarudi. Nimetuma mtoto, kaambiwa imepelekwa kwa shemeji Mwera. Sindano imekwenda Mwera! Shemeji hachezi mpira, ana kuku. Na kuku wenyewe ndio wale wanaokula mchicha wa watu halafu ukisema unaambiwa jenga ua, nami bei ya ua siku hizi, makuti tu...