Piki Niliyoagiza Marekani

Sisi wapiga gita, kile kipande kidogo cha plastiki kinachoshikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ili kugonga nyuzi, tunakiita piki. Wapiga udi wana neno lao la heshima, risha, na mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, ambaye amepiga udi tangu ujana wake hukata risha zake mwenyewe kutoka pembe ya ng'ombe, kisha huzilainisha kwa msasa bila kumlipa mtu hata senti. Laiti ningalimwiga mzee huyo, au angalau ningalitumia neno lake, shemeji yangu asingefika stendi ya mabasi ya Kange akiwa amevaa kofia ngumu na kubeba lita mbili za petroli.

Chanzo cha yote ni mandolini, ala ndogo ya nyuzi iliyo jamaa ya gita. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishwa mkoa na ambaye hakutaka kuhangaika nayo njiani. Ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne, nazo hutuniwa kama fidla, yaani sol, re, la na mi kutoka chini kwenda juu. Kwa kuwa napiga kwa mkono wa kushoto, nilimwomba fundi anichongee kile kipande chenye mifereji ya kupitishia nyuzi karibu na vigingi, kisha nikazifunga nyuzi zote kinyume, kama nilivyokwisha kufanya kwenye gita langu. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Tatizo lilikuwa piki. Ile niliyokuwa nayo, ya chapa ya Tortex, rangi ya manjano, yenye unene wa milimita 0.73, ilifaa sana kwa kuchapa nyuzi zote sita za gita kwa mpigo mmoja, lakini nyuzi za mandolini zimekazwa mno, na kila jozi inataka kugongwa kana kwamba ni uzi mmoja. Nilipojaribu kupiga ile mitetemo ya haraka ambayo ndiyo uhai wa mandolini, piki ilijikunja kama kuti katika upepo wa kusi, na badala ya muziki nikasikia chwa-chwa-chwa, mithili ya mtu anayekimbia na kandambili zilizoloa.

Mtu mwenye busara angekata kipande cha kadi ya benki iliyokwisha muda wake, kama wanavyofanya wapiga gita wengi wa hapa nchini, akaendelea na maisha. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu, na maradhi ya walimu wa fizikia ni kwamba hatuwezi kukikata kitu kabla ya kukifanyia uchunguzi. Kwa muda wa wiki mbili nilisoma habari za piki kila usiku hadi mke wangu, mama Zuhura, akaanza kuniuliza kama nimepata matatizo kazini. Nilijifunza kwamba wapiga mandolini wengi hupendelea piki ngumu isiyopinda, yenye unene wa milimita 1.2 au zaidi, na pembe iliyoviringika kidogo ili sauti ijae, ilhali anayedonoa noti mojamoja kwenye gita huweza kutumia unene huohuo akitaka sauti iliyo wazi. Nilijifunza pia kwamba piki zilizosifiwa kuliko zote hapo zamani zilikatwa kutoka ng'amba, yaani gamba la yule kasa ambaye pwani yetu iliwauzia wageni magamba yake tangu zama za Rhapta, ile bandari ya kale. Nilijivuna kidogo kwa hilo, kisha nikasoma kwamba mkataba wa CITES umeipiga marufuku biashara ya kimataifa ya ng'amba tangu miaka ya 1970, nikaacha kujivuna. Baadaye ikaja seluloidi, plastiki ya zamani ambayo inavutia macho lakini hushika moto upesi. Na siku hizi, kwa watu wasiojua thamani ya fedha, kuna piki za Vespel, plastiki ngumu iliyobuniwa na kampuni ya DuPont, ambayo hutengenezewa vipuri vya injini za ndege.

Naam, niliagiza hiyo ya injini za ndege. Ilikuwa na umbo la pembe tatu na unene wa milimita 1.25 hivi, kingo zake zimechongwa mshazari ili uzi uteleze bila kukwama, na bei yake ilikuwa dola 40, ukiacha dola 20 za kuisafirisha. Ilikuwa saa saba za usiku, umeme umekatika, simu imebakiwa na chaji ya asilimia tisa, nami najaza fomu ya muuzaji kwa haraka. Jina nikajaza, anwani ya rafiki yangu wa Dar es Salaam nikajaza. Likaja swali la mwisho: mkono gani, wa kulia au wa kushoto?

Naomba msomaji anielewe. Mimi nimelelewa na bibi wa Pangani. Swali la mkono gani nimeulizwa tangu nikiwa na miaka mitatu, kwenye sinia la wali, mlangoni kwa wageni, dukani nikipokea chenji, na katika hali zote hizo jibu sahihi ni moja tu, na likichelewa linafuatwa na kofi. Kidole changu kilibonyeza "kulia" kabla akili haijaamka. Nadhani hata niliinamisha kichwa kidogo kwa adabu.

Wiki tano baadaye rafiki yangu wa Dar akanipigia simu nikiwa barazani, naye mama Zuhura yuko ndani anachambua mchele. Nilisema, na hayo ndiyo maneno yaliyoleta balaa: "Piki imefika? Alhamdulillahi! Ipakie kwenye basi la kesho asubuhi. Ni imara hiyo, haitelezi hata ukiloa jasho, na ukishaizoea unakwenda kasi mpaka mwenyewe unaogopa. Lakini bei yake tafadhali usimtajie mtu."

Mama Zuhura hakuniuliza kitu. Kwake gita ni gita tu, na piki ni pikipiki, kama ilivyo kwa kila mkazi wa Tanga ambaye hajawahi kushika gita. Alichofanya, kwa furaha ya mke aliyegundua siri nzuri ya mumewe, ni kumpigia simu mdogo wake, kijana anayepiga msasa makabati katika karakana ya seremala na ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinidokezea, kwa heshima zote, kwamba angepata mtu wa kumwezesha angeendesha bodaboda. Shemeji akampigia mama yao kule Muheza. Mama mkwe akawaambia majirani.

Siku iliyofuata nilikuwa darasani nikifundisha msuguano. Kwa kuwa nilishamtaarifu mama Zuhura kwamba kuna mzigo wangu Kange, naye akasema kwa tabasamu ambalo sikulielewa kwamba mdogo wake ataupokea, sikuwa na wasiwasi wowote. Saa nane mchana simu ikalia.

"Shemeji, shikamoo. Nimefika, lakini hawa watu wamenipa bahasha tu."

"Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo, shemeji. Njoo nayo."

Kimya kidogo. "Sawa, humu nadhani mna funguo na kadi. Piki yenyewe iko wapi?"

"Imo humo ndani ya bahasha."

Kimya kikawa kirefu. Kisha nikamsikia akimwambia mtu wa pembeni, kwa sauti iliyopanda ghafla, kwamba mwenye mali anasema piki ilipakiwa, kwa hiyo buti ifunguliwe tena. Nilipiga kelele simuni lakini hakuwa akinisikiliza. Baadaye nilielezwa kwamba kondakta alifungua buti mara tatu, akamwonyesha magunia ya viazi, kitanda cha chuma na mabeseni, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakupakia chombo chochote chenye magurudumu. Na kwamba abiria mmoja mwenye huruma, alipoiona ile kofia ngumu na chupa ya petroli, alimshauri shemeji akatoe taarifa polisi kwa kuwa ameibiwa. Petroli alikuja nayo kwa sababu anajua, na katika hilo hakukosea, kwamba pikipiki inayosafirishwa kwa basi humwagwa mafuta yote kwanza.

Jioni hiyo bahasha ilifunguliwa sebuleni mbele ya mama Zuhura, shemeji na majirani wawili ambao sikuwaalika. Ndani ya bahasha mlikuwa na kijisanduku, ndani ya kijisanduku mfuko mdogo, na ndani ya mfuko kitu cha rangi ya kahawia ambacho jirani mmoja alikiita, kwa upole, gamba la kitunguu. Nilieleza. Nilitaja Vespel, nikataja injini za ndege, nikamtaja hata kasa. Mama Zuhura aliuliza swali moja tu: shilingi ngapi? Nikajibu kwamba ni afadhali wasikie sauti yake kwanza.

Nikachukua mandolini. Nikagonga. Ikatoka sauti ya mbuzi ya kukunia nazi.

Nikagonga tena: nazi. Nikaigeuza piki upande wa pili, nikazungusha pembe ya pili, nikazungusha ya tatu, nazi ikaendelea kukunwa mpaka jirani akauliza kama kesho kuna shughuli. Ndipo nikakumbuka lile swali la mwisho la fomu. Piki iliyochongwa kwa mkono wa kulia huwa na mshazari kwenye ukingo unaotangulia kukutana na uzi, mmoja upande wa mbele kwa pigo la kushuka na mmoja upande wa nyuma kwa pigo la kupanda. Mkono wa kushoto huuleta ukingo mwingine, ule wenye makali ambao haukuguswa na mchongaji. Wala kuigeuza hakusaidii, kama vile parafujo, hata ukiipindua kichwa chini miguu juu, mzunguko wake unabaki uleule. Jambo hilo nalifundisha kila mwaka. Nina hata mchoro wake ubaoni.

Shemeji, ambaye hadi wakati huo alikuwa amekaa kimya na kofia yake magotini, aliomba aishike. Anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Hakujua noti hata moja, na mandolini yangu kwake ilikuwa imepinduka, kwa hiyo aligonga tu jozi moja ya nyuzi bila kubana popote. Lakini miaka miwili ya kupiga msasa imemlegeza kifundo cha mkono kwa namna ambayo mimi sijaifikia, na mitetemo ikamiminika kama mvua ya vuli juu ya bati. Majirani wakanyamaza. Hata mama Zuhura akasahau swali lake hadi baada ya chakula cha usiku, alipolikumbuka na nikalijibu, na sitaki kusimulia yaliyofuata.

Mimi sasa natumia kadi ya benki iliyokwisha muda, niliyoikata kwa mkasi na kuiongezea unene kwa kubandika vipande viwili. Haina ubaguzi wa mkono. Shemeji amejinunulia gita la mtumba, anajifunza, na akiulizwa kijiweni husema, bila kudanganya, kwamba shemeji yake amemletea piki kutoka Marekani.

Habari hizo zilishatangulia Muheza. Mama mkwe alituma salamu kwamba Jumamosi atakuwa ameketi kando ya barabara na tenga la machungwa, akimsubiri mwanawe aje kumpakia na hiyo piki mpya, na kwamba majirani wote watakuwepo kuiona. Hakuna kati yetu aliyepata ujasiri wa kumpigia. Jumamosi ilipofika shemeji alichana nywele, akapanda daladala ya saa mbili asubuhi, kofia ngumu akaiacha nyumbani, na piki ilikuwa mfukoni.