Saa 8, kulia, dakika 20

Mimi ni mtu wa daftari. Mke wangu alipojifungua, wenzangu walileta pongezi. Mimi nilikuwa nimeshapiga mistari kwa rula.

Kosa ni la muuguzi. Alituambia mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na kuanzia siku ya tano hivi nepi zilizolowa zisipungue 6. Mwingine angesikia ushauri. Mimi nilisikia hesabu. Nikachora safu ya saa, ya ziwa, ya dakika, ya mkojo na ya choo. Hiyo ya choo niliijaza kwa moyo wote: siku ya kwanza "nyeusi, kama lami", ya tatu "kijani, bado inajifikiria", ya tano "manjano, hongera".

Mama mkwe alilitazama daftari, akalifunga taratibu. Kisha akachukua pini, akaibana kwenye nguo ya mwanawe upande ambao mtoto ataanzia akinyonya tena. Hakusema neno.

Sasa, mimi huandika saa kama ninavyoitamka. Mke wangu hunakili tarakimu za simu kama zilivyo. Usiku wa siku ya sita nikashtuka usingizini saa nane na nusu. Nyumba kimya. Nikamulika daftari: mstari wa mwisho, mwandiko wake, "2:10". Saa mbili na dakika kumi! Mtoto ana zaidi ya saa sita hajatia kitu tumboni! Nikamnyanyua, nikamvua nguo, nikamkuna nyayo kama tulivyofundishwa kumwamsha mtoto mvivu wa kunyonya. Akaamka, tena vizuri. Mama yake naye akaamka, akaniuliza kwa upole ambao siombi kuusikia tena: "Nimemlaza dakika ishirini tu zilizopita. Unamtakia nini?"

Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Mimi nilimwamsha aliyelala, na hakulala mtu hadi jogoo wa kwanza.

Kuanzia hapo nikakabidhiwa kalamu peke yangu, nisiwe na wa kumsingizia. Nikaboresha mfumo. Kulia na kushoto zote zinaanza na K, kwa hiyo nikaamua kulia niiandike yote, na kushoto iwe "Sh." Nilijiona mjanja sana. Nililiona hilo saa kumi alfajiri, saa ambayo kila mtu hujiona mjanja.

Siku ya 14 tukampeleka kliniki. Kabla sijaombwa, nikamkabidhi muuguzi daftari kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayepeleka kazi ya nyumbani. Akasoma. Nyusi zikapanda.

"Baba, mbona mtoto analia hivi? Saa 8 usiku, kulia, dakika 20. Saa 2 asubuhi, kulia, dakika 25. Saa 7, kulia..." Akageuza ukurasa. "Halafu sioni anaponyonya. Na hizi Sh. 15, Sh. 20, mnamdai nani?"

Mke wangu akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Hapana, sista," nikasema, jasho likinitoka. "Hiyo kulia si kulia. Ni kulia."

Muuguzi akaniangalia. Mtoto akaniangalia. Nikanyoosha mkono wa kulia kuonyesha ziwa la kulia, nikajikuta nimeelekeza kidole kwa mama mmoja aliyekaa benchi la pili, asiye na habari nasi. Akavuta kanga yake, akajifunika hadi shingoni.

Tukaokolewa na mizani. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, akashuka hadi 3.0 siku za mwanzo, jambo la kawaida, na sasa alikuwa 3.4. "Huyu anakula," muuguzi akasema, safari hii bila kutazama maandishi yangu. Akamgeukia mke wangu: "Mama, wewe unakumbukaje ziwa la kuanzia?"

Mke wangu akamwonyesha pini.

Muuguzi akatikisa kichwa kwa heshima ambayo daftari langu halikuipata, akachukua kalamu yangu, akatafuta nafasi chini ya ukurasa, akaandika: "Baba alale."

Saa ngapi, hakuandika.