Asilimia 5: tuilaumu seli au mshipa?

Chanjo za saratani za seli dendriti, seli za kinga zinazowaonyesha askari wengine wa mwili adui wa kushambulia, hutengenezwa kwa monositi, aina ya seli nyeupe za damu, za mgonjwa mwenyewe: hulelewa maabara kwa takriban wiki, hubebeshwa protini za uvimbe, kisha hudungwa ngozini. Zilipotiwa indiamu-111, alama ya mionzi, na kufuatiliwa, zilizofika kwenye tezi za limfu mara nyingi hazikuzidi asilimia 5. Katika seli milioni 10, hazizidi nusu milioni. Nyingi ya nyingine hufia palepale sindano ilipoingia. Kazi yote ile ya maabara!

Kwa kawaida lawama huiangukia seli: haijakomaa, au CCR7 yake, kipokezi kinachoifuata kemokini CCL21, yaani kemikali inayoziita seli, ni haba. Hoja hiyo ina uzito. Kwa panya wasio na CCR7, seli za ngozini karibu hazifiki tezini. Mwaka 2008 ilionekana pia kwamba seli dendriti zilizoondolewa integrini zote, yaani nanga zao, bado zilipenya tishu na kufika.

Lakini CCL21 hutolewa na nani? Na mshipa wa limfu, njia ya kuelekea tezini. Ukuta wa kapilari ya limfu, ukitazamwa kwa karibu, umefungwa kwa nafasi-nafasi kama vifungo vya shati, na katikati mna vipindo vilivyoachwa huru. Seli hujibana na kupita hapo. Kwa panya walioambukizwa bakteria Mycoplasma pulmonis njia ya hewa, vifungo hivyo viligeuka zipu iliyoshonana mfululizo. Walipopewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, vifungo vikarudi. Ngozi ikivimba, mshipa huotesha ICAM-1 na VCAM-1, protini ambazo integrini hushikilia, na hapo integrini zinahitajika kwelikweli. Kwa hiyo matokeo ya 2008 yanahusu mlango wa siku za utulivu. Chanjo hudungwa mahali palipokwisha kusumbuliwa.

Ushahidi unaonivuta zaidi ni wa 2003: panya waliodungwa kwanza TNF, protini inayochochea uvimbe, mahali pale pale, mishipa yao iliongeza CCL21 na seli nyingi zaidi zikafika. Mwaka 2015, wagonjwa 12 wa glioblastoma, saratani ya ubongo, walishiriki jaribio ambamo baadhi yao walidungwa chanjo ya pepopunda siku moja kabla ya seli dendriti. Seli zao zilifika kwa wingi zaidi, hata upande wa mwili ambao haukudungwa pepopunda. Basi si mlango wa mahali pamoja tu unaoguswa, mwili mzima unaitikia. Kurundika seli nyingi kwenye sindano moja hakutibu tatizo: idadi ilipopunguzwa kwa kila sehemu, asilimia iliyofika ilipanda.