Yona Hakuishia Ufukweni

Jumapili iliyopita, katika darasa la watoto ninalolifundisha huku Kisauni, Mombasa, tuliwaonyesha watoto katuni ya Yona, nabii wa Biblia aliyemezwa na samaki, kwa projekta ya kuazima. Walicheka mno samaki alipopiga chafya na kumrusha Yona mchangani. Mara Yona akafika mjini, watu wakatubu kwa wimbo mmoja, wakamkumbatia, na hadithi ikaisha. Niliizima mashine nikiwa na uchungu nisioweza kuuficha, kwa sababu kitabu cha Yona kina sura nne, na waliotengeneza katuni ile waliifunga hadithi mwishoni mwa sura ya tatu.

Mwalimu mwenzangu aliniambia kwamba watoto wa miaka sita hawahitaji zaidi ya samaki. Sikubaliani naye hata kidogo. Samaki anatajwa katika mistari mitatu tu kati ya mistari 48 ya kitabu kile, wakati sura ya nne ndiyo inayotueleza ni kwa nini Yona alipanda merikebu ya kwenda Tarshishi badala ya kwenda Ninawi alikotumwa na Mungu. Hakukimbia kwa woga. Alikimbia kwa sababu alijua kwamba Mungu ni mwingi wa rehema, naye hakutaka watu wa Ninawi, mji wa Waashuri walioogopwa na taifa lake, wasamehewe. Baada ya mji kutubu alikasirika hata akaomba kufa, akatoka nje ya mji, akajijengea kibanda upande wa mashariki, akakaa kusubiri aone yatakayoupata. Mungu akamwoteshea mtango wa kumpa kivuli, akaufurahia. Kulipopambazuka buu likautafuna ukanyauka, na kwa ajili ya mtango huo Yona akakasirika tena kiasi cha kutamani kufa. Hapo ndipo anapoulizwa swali ambalo kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili yake: ikiwa yeye anauhurumia mtango ambao hakuupanda, Mungu asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, pamoja na mifugo yao?

Nasema haya kwa hisia kwa sababu nililelewa Likoni. Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa huko, nikiwa darasa la tatu, familia yetu ilikuwa miongoni mwa familia za watu wa bara zilizokimbilia kanisa Katoliki la Likoni, na tulipopata habari kwamba nyumba tuliyopanga imechomwa, nilianza kuwaombea mabaya watu ambao hata nyuso zao sikuziona. Niliomba hivyo kwa miaka mingi, kila usiku, kwa sauti ya chini ili mama asinisikie. Hadithi ya Yona niliijua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimefundishwa samaki tu. Sura ya nne niliisoma peke yangu nikiwa mtu mzima, na nilipofika pale Yona anapokaa kusubiri mji uangamie, nilijiona mimi mwenyewe katika kibanda kile. Mtoto wa darasa la tatu aliyelala sakafuni mwa kanisa angeielewa sura hiyo kuliko mwanachuoni yeyote, lakini hakuna aliyemsomea.

Wala si mwisho tu uliokatwa. Mabaharia walichorwa kama wapumbavu waliomtupa Yona majini mara tu kura ilipomwangukia. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona wamemtupa haraka hivyo? Baba husema mtu akianguka majini, chombo kinarudi kumtafuta." Mtoto huyo yuko karibu na Maandiko kuliko katuni, kwa maana imeandikwa kwamba watu wale, wasiomjua Mungu wa Yona, walipiga makasia kwa nguvu wakijaribu kurudi nchi kavu kabla ya kukubali kumtoa.

Jirani zetu Waislamu hawachori mitume, na watoto wao humjua Nabii Yunus, ndiye Yona, kwa kusikiliza tu. Hata hivyo Qurani nayo haikuuacha ule mmea uliooteshwa juu yake.

Sikatai kwamba katuni huwavuta watoto kuliko sauti yangu, na ninakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa kwa heshima. Filamu ya The Prince of Egypt ya mwaka 1998 ilimwonyesha Farao akiwa na mwanawe aliyekufa, kisha ikamwonyesha Musa akilia kwa huzuni baada ya kuonana naye, na watoto wengi waliitazama bila kudhurika. Ninachowaomba wachoraji wa hadithi hizi ni kwamba wawaamini watoto hivyo hivyo.

Jumapili hii sikuwasha projekta. Niliwasomea sura zote nne, polepole, na tulipofika kwenye mtango walinyamaza kabisa. Nilipomaliza, yule mtoto wa mvuvi aliuliza Yona alijibu nini. Nilimpa Biblia aangalie mwenyewe, akapitisha kidole hadi mstari wa 11, akafunua ukurasa wa pili, akakuta kitabu cha Mika.